Sura ya Nne: Matope Hayajui Bei

Msitu wa Nyandarua unaanzia pale mashamba ya Endarasha yanapokomea. Ukiufuata ukingo wake kuelekea Nyeri mjini, unafika mahali palipokuwa na hoteli ya mbao iliyojengwa juu ya mti, Treetops. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, binti wa mfalme wa Uingereza alikaa humo akitazama vifaru na ndovu wakija kunywa maji, na huko kwao baba yake akafariki usingizini. Asubuhi Elizabeth alishuka mtini akiwa malkia bila yeye mwenyewe kujua. Habari zilimfikia baadaye siku hiyo akiwa Sagana. Mwaka uliofuata akatawazwa, nao walowezi wa Kenya, waliokuwa wakitafuta namna ya kusherehekea, wakaamua kukimbiza magari. Mashindano hayo wakayaita Coronation Safari. Ndiyo haya tunayoyaita Safari Rally.

Inasimuliwa kwamba mmoja wa waasisi, Neil Vincent, alialikwa na binamu yake Eric Cecil kushindana kwenye uwanja wa kuzunguka, akakataa. Kuzunguka palepale kulimchosha kabla hajaanza. Alichotaka ni watu waingie kwenye magari yao, wafunge milango, waende mbali barani kisha warudi, na atakayefika nyumbani kwanza ndiye mshindi. Sura hii yote imesimama juu ya wazo hilo, kwa sababu lilibadilisha maana ya gari la mashindano. Ulaya, gari la michezo ni lile linalokimbia. Huku kwetu, kuanzia 1953, limekuwa lile linalorudi.

Waandaaji wa mwanzo walifanya jambo jingine la ajabu: waliyapanga magari kwa bei yake dukani. Gari la bei ndogo lilishindana na wenzake wa bei ndogo, na la matajiri na la matajiri. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na siku zilizochaguliwa zilikuwa za mvua ndefu. Baadaye tarehe zikahamia Pasaka, ambayo katika nyanda za Mlima Kenya ni jina jingine la matope. Hapo ndipo ikaonekana kwamba yale madaraja ya bei yalikuwa adabu tu ya wenye duka. Matope hayakuyaheshimu hata kidogo.

Nisiipambe historia hii kupita kiasi. Mwaka huo wa 1953 Nyeri ilikuwa chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Msitu uleule ulikuwa umejaa wapiganaji wa Dedan Kimathi, na Mwafrika wa hapa hakuweza kutoka kijijini bila kipande. Treetops yenyewe iliteketezwa kwa moto mwaka 1954. Sehemu hii ya Nyeri iitwayo Kieni ilikuwa mashamba makubwa ya Wazungu, na aliyesimama kando ya barabara kutazama Volkswagen ikipita kwa kasi alikuwa mfanyakazi wa shamba la mtu mwingine. Mapenzi ya magari hapa yalianzia pembeni, kwa kutazama.

Alichokitazama ni nini? Kwanza, Volkswagen. Kobe, kama tulivyoizoea, ilishinda 1953, 1954, 1957 na 1962. Injini yake iko nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo kwenye utelezi uzito mwingi uko pale unapohitajika. Haina maji ya kupoza injini, basi hakuna rejeta ya kutobolewa na jiwe. Mercedes walichukua 1959, 1960 na 1961 kwa saluni zao nzito. Mwaka 1965 ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, wakashinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Joginder angeshinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, na hadi leo mzee yeyote wa Nyeri aliyekuwa na redio ya mkulima siku hizo hahitaji kukumbushwa alikuwa nani.

Kisha ikaja Peugeot 404, na hapa ndipo habari ya Ulaya na habari ya Endarasha zinapokutana.

Mwaka 1963 magari 84 yalianza Safari. Yaliyomaliza yalikuwa saba. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza saba tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na msomaji wake wa ramani Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Katikati hapo, 1966 na 1967, Bert Shankland wa Dar es Salaam akishirikiana na Chris Rothwell alishinda mara mbili mfululizo kwa gari hilohilo. Ushindi wa mara nne katika miaka sita, na hao wote hawakuwa madereva walioletwa kwa ndege kutoka Paris. Walikuwa watu wa Afrika Mashariki, waliojua korongo lipi hufurika saa ngapi.

404 haikuwa gari la michezo. Ilitoka 1960 ikiwa saluni ya familia iliyochorwa na Pininfarina wa Italia, yenye injini iliyolazwa upande ili boneti iwe chini. Mtu aliyeitazama huko Ufaransa aliona gari la mhasibu. Lakini springi zake zilikuwa ndefu na laini, tumbo lake liko juu ya ardhi, na bodi yake haikulegea kwa kupigwa na mashimo usiku kucha. Mrithi wake, 504, aliyezinduliwa 1968 na kutangazwa Gari la Mwaka la Ulaya 1969, alikuwa na sifa zizo hizo.

Sasa tumlete Porsche.

Hakuna gari la michezo la Ulaya linaloheshimiwa kuliko 911. Tangu lizinduliwe 1963, limeshinda karibu kila mahali linakopelekwa, kuanzia milima ya Monte Carlo hadi jangwa la mashindano ya Dakar. Na kwa damu, lina haki ya kushinda Kenya: Ferdinand Porsche ndiye aliyeibuni Volkswagen ile ya kobe, na 911 imerithi injini ya nyuma na upoaji wa hewa kutoka kwa babu huyo. Walikuja wakijiamini. Mwaka 1972 Sobiesław Zasada wa Poland alimaliza wa pili. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Sweden alimaliza wa pili, nyuma ya Joginder. Mwaka 1978 kiwanda chenyewe kilileta magari mawili yenye rangi za Martini, yameinuliwa hadi takriban sentimita 28 kutoka ardhini na kufungwa bamba la chuma chini ya tumbo. Waldegård aliongoza mapema, kisha mfumo wa nyuma ukamsaliti, akamaliza wa nne. Vic Preston Mdogo wa Kenya akamaliza wa pili.

Wa pili mara tatu. Babu alishinda mara nne, mjukuu hata mara moja. Na aliyemzuia mjukuu mwaka 1978 alikuwa Jean-Pierre Nicolas ndani ya Peugeot 504.

Mtu atasema hiyo ni bahati mbaya ya kampuni moja. Lakini angalia 1975. Lancia walileta Stratos, gari lililobuniwa kwa kazi moja tu, kushinda mashindano ya rali: fupi, pana, lenye injini ya Ferrari mgongoni. Sandro Munari alimaliza wa pili, Waldegård wa tatu. Wa kwanza alikuwa Ove Andersson na saluni ya Peugeot 504, gari ambalo ungeliona siku hiyohiyo stendi ya Nyeri limebeba abiria. Stratos haikuwahi kushinda Safari. Audi Quattro iliyoigeuza dunia ya rali miaka ya 1980 ilikuja, ikashika nafasi ya pili na ya tatu mwaka 1983, ikashindwa na Opel Ascona inayosukumwa na magurudumu mawili tu. Audi walipata walichokitaka 1987, walipoiacha Quattro nyumbani na kuja na Audi 200, saluni kubwa ya mkurugenzi wa benki. Hata Peugeot wenyewe walipojisahau na kuleta 205 Turbo 16, gari lililowapa ubingwa wa dunia 1985 na 1986, Kenya ililikataa.

Sababu zinaelezeka. Hewa ya juu ni nyepesi: kila ukipanda mita 1000, injini isiyo na taabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Endarasha iko zaidi ya mita 2000 juu ya bahari, kwa hiyo gari lililosifiwa kwa nguvu za farasi 200 huko Stuttgart linafika hapa na kama 160, na kabureta iliyopimwa kwa hewa ya bondeni inamwaga petroli kupita kiasi. Kisha kuna udongo mweusi wa Kieni, ambao ukinyeshewa hujaa kwenye matao ya magurudumu mpaka gurudumu lenyewe likaacha kuzunguka. Gari la michezo limejengwa karibu na ardhi, na nafasi kati ya tairi na bodi yake ni ya kupitisha vidole viwili. Na kuna umbali. Safari za zamani zilikuwa za maelfu ya kilomita, usiku na mchana, barabara zikiwa wazi na ng'ombe na lori la mkaa vikitumia njia ileile. Kasi ya gari la mbio ina manufaa kidogo sana pale dereva anapohitaji kwanza kutoka mtaroni.

Nakiri kuna jambo linaloipinga hoja yangu, nalo ni Datsun 240Z, gari la michezo halisi, lenye viti viwili, lililoshinda 1971 kwa Edgar Herrmann na 1973 kwa Shekhar Mehta. Pia ile 504 ya Nicolas ya 1978 ilikuwa kupe yenye injini ya V6, si saluni ya stendi. Sawa. Ila Datsun haikutoka Ulaya, na kupe ya Peugeot ilikuwa imesimama juu ya mifupa ya gari la kazi. Sijaona sababu ya kubadili msimamo.

Mashindano ni siku chache za Pasaka. Siku nyingine zote gari lilikuwa na kazi ya kufanya, na huko ndiko sifa ya Peugeot ilikokomaa.

Baada ya uhuru mashamba ya walowezi ya Kieni yaligawanywa, na watu wakapanda huku na jembe, watoto na ng'ombe mmoja au wawili. Ardhi ilikubali viazi, kabeji, karoti na maziwa. Soko lilikuwa mbali: Mweiga, Nyeri, Karatina, Nairobi. Aliyekuwa na kipato akanunua Peugeot pikapu, mara nyingi imekwisha kupitia mikono miwili au mitatu. Asubuhi ilibeba mitungi ya maziwa. Mchana ilibeba viazi katika magunia ya mukorino, yale yanayoshonewa kilemba cha wavu juu mpaka uzito wake haujulikani tena. Jioni ilirudi na abiria na unga na mbolea. Jumapili ilipeleka kwaya kanisani, na aliyefariki alipelekwa kaburini kwa gari hilohilo, limeoshwa.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni zile za mabasi, na Peugeot ikawa imepata cheo chake rasmi. Pikapu ziliwekewa paa la turubai na mabenchi mawili ya mbao, abiria wakakaa magoti kwa magoti. Zile ndefu za familia, za viti vya safu tatu, zikawa teksi za mbali za kwenda Nairobi, na nauli yake ilikuwa juu ya basi kwa sababu ilifika mapema. Mvua ikinyesha, makanga alishuka kufunga minyororo kwenye matairi ya nyuma. Ikikwama, wote walishuka kusukuma, mwalimu mkuu na mwizi wa kuku pamoja. Sifa ya dereva haikupimwa kwa spidi bali kwa kipande cha barabara alichoweza kukivuka Aprili.

Kilichoipa Pijo, kama tunavyoiita Peugeot, maisha marefu ni fundi. Injini yake ungeweza kuielewa kwa macho. Fundi wa chini ya mti, mwenye spana chache na waya, aliweza kuifungua klachi na kuirudisha kabla ya giza. Gari lilipokufa kabisa, difu yake ilifungwa kwenye mkokoteni, injini ikasaga nafaka au ikavuta maji mtoni. 504 ziliunganishwa hapahapa Kenya mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, miaka mingi baada ya Wafaransa wenyewe kuacha kutengeneza saluni yake mwaka 1983. Spea zilipatikana kwa sababu magari yalikuwapo, na magari yalinunuliwa kwa sababu spea zilipatikana. Duara hilo ndilo lililojenga heshima ya gari la Ulaya katika nchi hii, na ndilo lililovunjika baadaye.

Lilivunjika miaka ya 1990, soko la fedha za kigeni lilipofunguliwa na magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika Mombasa. Toyota ya mtumba ilikuwa nafuu kuliko Peugeot mpya, ikanywa petroli kidogo, na haikudai fundi wa kusomea. Patrick Njiru alipomaliza wa nne katika Safari ya 1994 akiendesha Subaru Impreza, vijana wa Mlima Kenya walipata shujaa anayefanana nao na jina la gari la kuota. Leo ukisikia ngurumo ya taabo Nyeri mjini usiku wa Jumamosi, ni Subaru. Na barabara ya Mweiga ukipitwa na gari lililojaa mizigo hadi kioo cha nyuma, likienda kwa mwendo ambao polisi angeukataa mahakamani kuwa hauwezekani, hilo ni Toyota Probox. Kwa vigezo nilivyotumia katika sura hii, Probox ndiyo gari la michezo la Kieni kwa sasa. Wenye Porsche watanisamehe.

Gari la Ulaya halikutoweka. Lilihamia kwenye nyasi zilizokatwa. Tangu 1970 klabu ya wenye Alfa Romeo huandaa Concours d'Elegance, ambayo siku hizi hufanyika uwanja wa farasi wa Ngong, ambapo magari hushindana kwa usafi na ukarabati. Ni tamasha zuri, na mafundi wanaoyafufua magari hayo wanajua kazi. Lakini tope kidogo kwenye tao la gurudumu linakupotezea alama, na mtu aliyekulia Endarasha lazima atabasamu.

Kinachochekesha zaidi kinatokea upande wa pili wa dunia. Katika miaka ya karibuni matajiri wa Marekani na Ulaya wamekuwa wakichukua Porsche 911 za zamani, wakiziinua, wakizifunga taa kubwa mbele na bamba la chuma chini, kisha wakiziita Safari. Kampuni ya Singer ya California ilionyesha yake 2021, kwa bei ambayo ingenunua shamba zuri huku na kubakisha. Porsche wenyewe mwaka 2022 walitoa 911 Dakar, iliyoinuliwa, wakatangaza kutengeneza 2500 tu. Nyingi kati ya hizo zitaishi kwenye gereji zenye kiyoyozi. Na zile zinazoitwa Safari zimevaa vazi la mashindano ambayo baba yao hakuyashinda. Kuwa mkweli, 911 ilikuja kupata faraja: Safari ya magari ya kale, inayofanyika tangu 2003, Waldegård aliishinda mwaka 2011 ndani ya 911, mwanawe akiwa msomaji wa ramani. Alikuwa na miaka 68. Safari yenyewe ya ubingwa wa dunia ilitoka kwenye kalenda baada ya 2002, ikarejea 2021, na sasa inakimbiwa Naivasha kwa vipande vifupi vilivyofungwa barabara. Ni nzuri kwa televisheni. Haipiti tena Nyeri.

Hata hivyo kuna mashindano mengine ya magari ambayo Endarasha inayaona kila siku bila gari lolote kupita. Mwaka 1988 iliundwa taasisi ya Rhino Ark kuwalinda vifaru wa Nyandarua dhidi ya majangili, na 1989 ikaanzisha Rhino Charge. Madereva hupewa vituo 13 porini na saa 10 za kuvifikia, na mahali penyewe hutangazwa dakika za mwisho. Mshindi si mwenye kasi. Mshindi ni aliyefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, yaani aliyethubutu kupita moja kwa moja kwenye mawe na makorongo ambayo wengine waliyazunguka. Magari yanayoshindana ni mabaya kuyatazama: Land Rover na mengineyo yaliyokatwa mabati, yakachomelewa vyuma na kupindwa na miamba mpaka mwenye kiwanda hawezi kuyatambua. Na ili kushiriki, kila timu sharti ichangishe fedha.

Fedha hizo ndizo zilizoanzisha na kwa sehemu kubwa kuendeleza ua wa umeme kuizunguka Nyandarua. Kazi ilianzia upande huu wa Nyeri, ambako ndovu walikuwa wakitoka usiku na kumaliza shamba la viazi kabla ya jogoo kuwika, ikakamilika mwaka 2009, karibu kilomita 400. Ndovu bado huukwepa hapa na pale, na mkulima aliyelala macho kwa ajili yao ana haki ya kulalamika. Lakini nikiulizwa ni gari gani la Ulaya limeifanyia Endarasha kazi kubwa kuliko yote, nitaitaja Peugeot pikapu kwanza, na hayo mabati yaliyopindika ya Rhino Charge ya pili. Porsche, kama ilivyozoea Kenya, itabidi ingoje.